Udongo, Mbegu na Makaburi: Tarekh ya Pemba baina ya Vitabu vya Maulamaa na Tafiti za Wachimbuzi

Bismillahir Rahmanir Rahim

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad,

Ndugu msomaji, tangu miaka ya 1980 kisiwa chetu cha Pemba kimekuwa kikitembelewa na watafiti wa kila fani. Wamekuja wachimbuzi wa mambo ya kale, wajuzi wa mimea, wajuzi wa samaki na matumbawe, wajuzi wa lugha na wa mila. Wamechimba Ras Mkumbuu, Mtambwe Mkuu, Tumbe, Chwaka na Pujini. Wameandika vitabu na makala nyingi, na sehemu kubwa ya yaliyoandikwa inahusu Uislamu: misikiti ya wazee wetu, makaburi yao, sarafu zao na hata chakula chao. Pamoja na hayo, ni wachache katika sisi tunaosomesha fiqhi na tarekh misikitini waliosoma yaliyopatikana. Makala hii inakusudia mambo mawili. La kwanza ni kumweleza msomaji baadhi ya yaliyodhihirika, na kuyapima na yale yaliyomo katika vitabu vya maulamaa wetu. La pili ni kubainisha kwamba katika kazi hii zimo mas-ala za kisheria ambazo hakuna fani nyingine inayoweza kuzijibu ila fiqhi, na kwamba kukaa kwetu kando kunatudhuru.

Utafiti wa fani nyingi si jambo geni katika Uislamu

Wapo wanaodhani kwamba kuchanganya elimu ya ardhi, mimea, lugha na dini katika kuisoma nchi moja ni jambo lililozuliwa katika vyuo vikuu vya Ulaya. Hivi sasa mfano unaotajwa sana ni wa milima ya Himalaya, ambako wajuzi wa theluji na mito hufanya kazi pamoja na wajuzi wa lugha na dini za watu wa Nepal, Kashmir na Tibet. Tangu mwaka 1983 mji wa Kathmandu una taasisi maalumu ya nchi za milima hiyo, na kazi yake ni kuyaangalia maisha ya watu wake na mazingira yao kwa pamoja.

Lakini aliyeitangulia njia hii katika pande hizo hizo alikuwa Muislamu. Huyo ni Abu Rayhan al-Biruni (362-440 H / 973-1048 M), aliyeishi katika zama za Sultan Mahmud wa Ghazna. Al-Biruni alijifunza Sanskriti, lugha ya wanavyuoni wa Bara Hindi, akasoma vitabu vyao kwa lugha yao, na akaandika kitabu kikubwa juu ya itikadi zao, hesabu zao, nyota zao na nchi yao. Aliyaeleza maneno yao kama wanavyoyasema wenyewe kabla ya kuyapima. Aliitazama pia ardhi. Aliona kwamba mawe yaliyo karibu na milima ni makubwa, na kila mtu akienda mbali na milima, mawe huwa madogo mpaka yakawa mchanga. Akafahamu kutokana na hilo kwamba nchi tambarare ya Hindi hapo kale ilikuwa bahari, ikajazwa na udongo ulioletwa na mito. Mtu mmoja alikusanya elimu ya lugha, ya dini na ya ardhi, na hakuona kwamba moja inaivunja nyingine.

Na Mwenyezi Mungu katika Suratul Ankabut, aya ya 20, ametuamrisha tutembee katika ardhi na tutazame jinsi alivyoanzisha kuumba. Kwa hivyo kuitazama ardhi ni katika mambo tuliyoamrishwa. Linalobaki ni kuuliza inatazamwa na nani, na kwa adabu gani.

Pemba katika vitabu vya Kiarabu

Pemba haikukosa kutajwa katika vitabu vya zamani. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki mwaka 255 H (869 M), alilitaja jina la Qanbalu aliposema juu ya watu wa Zanj. Baada yake alikuja Abul Hasan al-Mas'udi. Yeye hakutegemea khabari za kusikia tu, kwani aliipita bahari hii mwenyewe, na safari yake ya mwisho kutoka kisiwa cha Qanbalu kwenda Oman ilikuwa mwaka 304 H (916-917 M). Katika Murujudh Dhahab ameeleza kwamba katika kisiwa hicho wamo Waislamu na wasiokuwa Waislamu, na kwamba Waislamu wake husema lugha ya Kizanji. Ameunasibisha mwanzo wa utawala wao na wakati wa kuondoka dola ya Bani Umayya na kusimama dola ya Bani Abbas, yaani karibu na mwaka 132 H (750 M).

Kisha akaja Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 626 H (1229 M). Katika Mu'jamul Buldan amekitaja kisiwa kiitwacho al-Jaziratul Khadhraa, Kisiwa cha Kijani, katika bahari ya Zanj. Amesema kina miji miwili, na majina aliyoyaandika yanasomeka kuwa ni Mtambwe na Mkumbuu. Amesema kila mji una sultani wake asiyemtii mwenzake. Mpemba yeyote atakayeyasoma majina hayo hatahitaji mfasiri, kwani Mtambwe ipo mpaka leo na Mkumbuu ipo mpaka leo.

Ama Qanbalu, wataalamu hawajakubaliana. Wengi wanaelekea kwamba ni Pemba, na baadhi yao, akiwemo mchimbuzi wa Kiingereza Mark Horton, wanaona kwamba mji wenyewe ni Ras Mkumbuu. Kanuni ya maulamaa wetu katika mambo ya namna hii inajulikana: khabari inayofaa maana mbili haikatwi kwa moja ila kwa ushahidi. Na ushahidi huo ndio unaotafutwa chini ya ardhi.

Yaliyosemwa na misikiti

Ras Mkumbuu ni rasi nyembamba upande wa magharibi, mbele ya Chake Chake. Msikiti wa Ijumaa ambao magofu yake yamesimama hapo ni wa karne ya 14, na pembeni mwake yamo makaburi ya nguzo. James Kirkman alichimba hapo katika miaka ya 1950. Katika miaka ya 1980 alikuja Horton, akachimba ndani ya msikiti wenyewe na akakuta chini yake misikiti iliyotangulia: wa mawe unaokisiwa kuwa wa karne ya 10, na chini yake dalili za msikiti wa miti. Maana yake ni kwamba wazee wetu walisali mahali pale pale kwa karne kadhaa. Kila jengo lilipochakaa au kuwa dogo, walijenga jingine juu yake bila ya kuliacha eneo la sala.

Jambo hilo hilo limeonekana Shanga, katika visiwa vya Lamu, ambako chini ya msikiti wa Ijumaa palikutwa misikiti moja juu ya mwengine, na wa mwanzo wake ni wa miti, mdogo, wa karne ya 8. Na Ibn Battuta alipofika Mombasa mwaka 731 H (1331 M) aliikuta misikiti ya mbao iliyojengwa kwa ufundi, na watu washika dini wa madhehebu ya Imam Shafii. Basi asidhani mtu kwamba msikiti wa miti ni dalili ya udhaifu wa dini. Katika Kashmir, chini ya Himalaya, Waislamu walioongozwa na Sayyid Ali al-Hamadani, aliyefariki mwaka 786 H, walijenga kwa mbao kwa sababu mbao ndizo walizokuwa nazo, na khanqa yake mjini Srinagar imesimama kwa mbao mpaka leo, ingawa imejengwa upya mara kadhaa. Uislamu ulipoingia katika nchi ulichukua vifaa vya nchi ile ukavielekeza kibla.

Na kibla yenyewe ni somo. Msikiti wa mwanzo wa Shanga haukuelekea sawasawa, na iliyojengwa baadaye ikarekebishwa. Wanafunzi wa fiqhi watakumbuka waliyosema wanavyuoni wa Kishafii: mihrabu ya mji wa Waislamu iliyosaliwa na vizazi huaminiwa katika upande wake, wala mtu hafanyi ijtihadi ya kuugeuza upande wenyewe, lakini anaweza kufanya ijtihadi ya kuinamia kidogo kulia au kushoto. Mas-ala hii tunaisoma katika kitabu. Shanga inaonesha watu wa pwani wakiifanyia kazi, elimu ya kibla ikizidi kwao kizazi baada ya kizazi.

Sarafu za Mtambwe

Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, wachimbuzi walikuta hazina ya sarafu iliyofukiwa ardhini: sarafu ndogo za fedha zaidi ya 2,000, pamoja na dinari chache za dhahabu za Bani Abbas na za Fatimiyya. Kwa tarehe za dinari hizo wataalamu wamekadiria kwamba hazina ilifukiwa katika nusu ya pili ya karne ya 11, yaani zaidi ya miaka 100 kabla ya kufariki Yaqut. Sarafu za fedha ni za hapa hapa pwani. Zina majina ya watawala, miongoni mwao Ali bin al-Hasan, na maneno ya Kiarabu ya kumtegemea Mwenyezi Mungu, yaliyopangwa kwa vina upande huu na huu.

Katika siasa ya Kiislamu, alama za utawala zilikuwa mbili: kutajwa jina katika khutba ya Ijumaa na kuandikwa jina katika sarafu. Khutba hazikubaki, sarafu zimebaki. Kwa hivyo alipoandika Yaqut kwamba Mtambwe ni mji wenye sultani wake, hakuwa akisimulia ngano. Na aliyezipiga sarafu hizo alikuwa na watu wanaojua kuandika Kiarabu na kukipanga kwa saj'i, tena kabla ya maandishi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, ambayo yana tarehe ya mwaka 500 H (1107 M). Wale wanaosema kwamba elimu ya Kiarabu imeletwa Pemba na Waomani wa karne ya 19 wanafaa kulitazama hilo.

Mbegu, mpunga na zakatul fitri

Jambo lililo dogo kwa macho na kubwa kwa maana ni mbegu. Karibu na mji wa Tumbe wa leo palikuwa na mji mkubwa baina ya karne ya 7 na ya 10, na jirani yake ukasimama mji wa Chwaka kuanzia karne ya 11 mpaka karibu na kufika Wareno. Chwaka ndiko yaliko magofu ya msikiti na makaburi ambayo wazee wanayaita ya Haruni, mtoto wa Mkame Ndume wa Pujini kwa masimulizi yao. Miji hiyo miwili ilichimbwa na Adria LaViolette na Jeffrey Fleisher kutoka Marekani mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakishirikiana na wataalamu wa Zanzibar.

Pamoja nao alikuwepo mjuzi wa mimea ya kale, Sarah Walshaw. Kazi yake ni hii: udongo uliochimbwa hutiwa katika maji, na vipande vyepesi vilivyoungua, kama mbegu na makapi, huelea juu. Hukusanywa, hukaushwa, kisha hutazamwa kwa darubini na kuhesabiwa aina kwa aina. Matokeo aliyoyachapisha mwaka 2010 ni kwamba katika zama za Tumbe chakula kikuu cha nafaka kilikuwa mawele, na mpunga ulikuwepo kwa uchache. Zama za Chwaka mambo yakageuka, mpunga ukawa ndio wa mbele. Na mageuzi hayo yalikwenda pamoja na kukua kwa mji na kuenea kwa Uislamu. Mwandishi huyo ameyaunganisha na ukarimu, karamu na ladha ya watu wa mji wenye kupokea wageni.

Hapa ndipo fiqhi inapoona lile ambalo mjuzi wa mimea si kazi yake kuliona. Hadithi ya Abu Said al-Khudri (R.A.) imetaja vyakula vilivyokuwa vikitolewa zakatul fitri zama za Mtume (S.A.W.), kama shayiri, tende na zabibu. Wanavyuoni wa Kishafii wakasema kinachowajibika ni pishi ya chakula kinachotumiwa zaidi na watu wa mji. Leo Pemba tunatoa mchele, na baadhi ya watu wanadhani kwamba mchele umetajwa kwa jina lake katika hadithi hiyo. Haukutajwa. Tunatoa mchele kwa sababu ndio chakula kikuu cha mji wetu, na mbegu za Chwaka zinatuonesha ni lini ulianza kuwa hivyo. Muislamu aliyeishi katika kisiwa hiki karne ya 9, ikiwa mawele ndiyo yaliyokuwa chakula chake, basi mawele ndiyo yaliyomuwajibikia, na mjukuu wa wajukuu zake Chwaka akatoa mchele. Hukumu ni moja, chakula kimebadilika.

Kwa kanuni hiyo hiyo tunafahamu kwa nini karafuu, ambayo ililetwa visiwani mwanzoni mwa karne ya 19 na ikawa ndio uchumi wa Pemba baada ya dhoruba ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu ya Unguja, haimo katika zaka ya mazao kwa madhehebu ya Shafii. Si chakula cha kukimu mwili. Huingia katika zaka ya biashara kwa anayeifanyia biashara, na fedha zake kwa aliyezihifadhi zikafika nisabu na kupitiwa na mwaka.

Mas-ala ya makaburi na nasaba

Sasa tuje kwenye jambo zito. Mwaka 2023 jarida la Nature lilichapisha utafiti uliofanywa juu ya mabaki ya watu 80 wa kale, wengi wao kutoka makaburi ya miji ya Waswahili, kama Manda, Faza na Mtwapa nchini Kenya, na Kilwa na Songo Mnara nchini Tanzania. Watafiti walichukua chembe za urithi kutoka katika mifupa na meno. Walichokikuta ni kwamba kwa wengi wa watu hao, zaidi ya nusu ya asili yao ni ya Kiafrika, na imepokewa zaidi kwa upande wa wanawake. Sehemu nyengine kubwa imetoka Asia, zaidi Uajemi, na imepokewa kwa upande wa wanaume. Mchanganyiko huo ulianza karibu na mwaka 1000. Baada ya mwaka 1500 ikazidi asili ya Bara Arabu.

Kwa upande wa tarekh, natija hii inaafikiana na masimulizi ya Washirazi yaliyomo katika tarekh ya Kilwa, ambayo wataalamu wengi wa karne iliyopita waliyadharau. Lakini zimo mas-ala mbili za kisheria, na Pemba hazituhusu kwa mbali, kwa sababu makaburi ya kale tunayo mengi.

Mas-ala ya kwanza ni kufukua kaburi. Imepokewa kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), katika Sunan ya Abu Daud, kwamba Mtume (S.A.W.) amefanya kuuvunja mfupa wa maiti kuwa sawa na kuuvunja wa aliye hai. Imam an-Nawawi (aliyefariki 676 H), katika al-Majmu', ameeleza kwamba haijuzu kufukua kaburi bila ya sababu ya kisheria, na inajuzu maiti akishageuka udongo, na hapo huruhusiwa kuzikwa mwengine mahali pale. Na katika kujua muda wa maiti kugeuka udongo katika ardhi fulani, hurejewa kwa wenye uzoefu wa ardhi ile. Wamesema pia kwamba mchimbaji akikuta mifupa kabla ya kumaliza kuchimba, huurejesha udongo wala haendelei.

Tazama, ewe mwanafunzi wa elimu, vipi mafaqihi walivyoiacha nafasi ya mjuzi wa udongo ndani ya hukumu yenyewe. Lakini tazama pia mpaka walioweka. Ruhusa yao imefungamana na maiti kuisha, na mifupa ikibaki, heshima yake inabaki. Kwa hivyo kaburi la Muislamu lenye mifupa si sawa na jaa la taka la kale, ingawa kwa mchimbuzi yote mawili ni chanzo cha khabari. Anayesema kwamba maslaha ya elimu yanatosha kuwa dharura anahitaji dalili, na anayekataza kila uchimbaji kwa hoja ya makaburi amepanua kisichopanuka, kwani msikiti uliovunjika, kisima, nyumba na jaa vinaweza kuchunguzwa bila ya kumgusa maiti. Kazi za Tumbe na Mtambwe zilizotajwa juu, yaani mbegu na sarafu, zimetupa elimu kubwa bila ya kuhitaji mfupa wa Muislamu.

Mas-ala ya pili ni nasaba. Wapo wanaoanza kuuliza: je, chembe za urithi zitatuambia nani Mshirazi wa kweli, nani Sharifu wa kweli? Jawabu la sheria ni kwamba nasaba inathibiti kwa ndoa, kwa kukiri na kwa ushahidi, na inathibiti pia kwa kuenea na kutambulikana baina ya watu. Baraza la Fiqhi la Rabita, katika kikao chake cha 16 kilichofanyika Makka mwaka 1422 H (Januari 2002), liliamua kwamba haijuzu kutegemea alama za urithi katika kukanusha nasaba, wala kuzitanguliza mbele ya li'ani, wala kuzitumia kwa ajili ya kuhakikisha nasaba ambazo zimekwisha thibiti kisheria. Basi utafiti unaweza kutueleza vipi umma wa pwani ulivyochanganyika. Haukupewa mamlaka ya kumvua mtu nasaba ya baba yake. Na ikiwa umetuonesha kwamba mama zetu ni Waafrika, hilo ni katika neema za Mwenyezi Mungu, na ubora mbele yake ni wa ucha Mungu.

Misali: pale elimu mbili zilipokutana

Ili isidhaniwe kwamba maulamaa na watafiti hawawezi kukaa pamoja, tuutaje mfano wa Misali. Hiki ni kisiwa kidogo kilichopo magharibi ya Pemba, chenye matumbawe na mazalio ya kasa, na wavuvi wengi wa Pemba hukitegemea. Wavuvi husimulia kwamba alipita hapo Nabii Hadhara, akaomba msala wa kusalia. Walipokuwa hawana, akasema kisiwa chenyewe ndio msala wake, kwa namna kilivyoelekea kibla. Masimulizi haya si dalili ya kisheria, na hatuyajengei hukumu. Lakini yanaonesha jinsi watu walivyokiheshimu.

Mwaka 1998 Misali ilifanywa eneo la hifadhi, na sehemu ya bahari yake ikafungwa isivuliwe. Uvuvi wa baruti, juya na utupa ulikuwa ukiharibu mazalio ya samaki, na makatazo ya serikali peke yake hayakutosha. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa ushirikiano wa shirika la CARE na taasisi ya Kiislamu ya mazingira ya IFEES ya Uingereza, inayohusishwa na Fazlun Khalid, maimamu na walimu wa madrasa wakahusishwa. Mafunzo yalitoka katika Qur'ani na Sunna: kwamba binadamu ni khalifa na si mmiliki, kwamba Mwenyezi Mungu amekataza kufanya ufisadi katika ardhi baada ya kutengenezwa, na kwamba Mtume (S.A.W.) aliweka haramu ya Madina isiwindwe wala miti yake isikatwe. Kufunga sehemu ya bahari kwa maslaha ya wote kunafanana na hima, ambayo Sayyidna Umar (R.A.) aliiweka kwa ajili ya maslaha ya Waislamu. Mwaka 2005 Misali ikaingizwa katika eneo kubwa zaidi la Hifadhi ya Mkondo wa Pemba.

Mazingatio yake ni kwamba mjuzi wa samaki alijua ni wapi samaki huzaa, wala hakuwa na neno la kumzuia mvuvi mwenye njaa. Imamu alikuwa na neno, lakini hakujua ni wapi samaki huzaa. Walipokaa pamoja, kila mmoja akatimiza upungufu wa mwenzake.

Yaliyo juu yetu

Kutokana na hayo yaliyotangulia, tunayaweka mbele ya maimamu, walimu na kamati za misikiti mambo matatu.

La kwanza ni makaburi. Kila panapotakiwa kuchimbwa penye makaburi ya Waislamu au karibu nayo, wenyeji wadai kwamba awepo mtu wa fiqhi tangu kupangwa kwa kazi, si baada ya mifupa kutoka. Iandikwe mapema kwamba mifupa ikionekana itafunikwa mahali pake, na kwamba hakitachukuliwa kipande ila kwa fatwa iliyotolewa na wanaostahiki kuitoa.

La pili ni magofu. Mawe ya misikiti ya kale yanachukuliwa kujengea nyumba na kuchomea chokaa. Aliyewakfu msikiti hakuwakfu sala peke yake, amewakfu ardhi na jengo. Katika madhehebu yetu msikiti ukivunjika haurudi kuwa milki ya mtu, wala hauuzwi. Anayebeba mawe ya msikiti uliovunjika anabeba mali ya wakfu, na hilo lisemwe juu ya mimbari.

La tatu ni karatasi. Pemba kuna nyumba ambazo ndani yake yamo makasha ya hati za wakfu wa mikarafuu na minazi, za mirathi, za hukumu za makadhi wa Kishafii na wa Kiibadhi, na vitabu vilivyonakiliwa kwa mkono. Mchwa na unyevu haviwasubiri warithi wakubaliane. Lamu, maandishi ya msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Saleh, yamepigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa ushirikiano na watafiti wa nje, na vitabu vyenyewe vikabaki Lamu. Nasi tunaweza kufanya hivyo hivyo, kwa kushirikiana na Nyaraka za Taifa Zanzibar. Na kazi hii ndiyo iliyo yetu zaidi kuliko ya mtu yeyote. Mchimbuzi akipata sarafu anahitaji msomaji wa Kiarabu, na akikuta jina la kadhi anahitaji anayejua istilahi za makadhi. Kijana wa madrasa aliyehitimu nahau na fiqhi anaweza kukaa katika meza hiyo akiwa mwalimu.

Khatima

Tarekh ya Uislamu Pemba imeandikwa mahali pawili: katika karatasi na katika ardhi. Al-Mas'udi na Yaqut wametupa mistari michache, na ardhi imeisadikisha na kuizidishia. Kilichobaki ni kwamba warithi wa Mtambwe na Mkumbuu wasome wenyewe, na walinde heshima ya waliolala chini yake. Tukifanya hivyo tutakuwa tumetekeleza amana. Na tukiacha, kazi itaendelea bila ya sisi, na hukumu ya makaburi ya babu zetu itatolewa na wasioijua.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu awarehemu waliotutangulia kwa imani, azihifadhi athari zao, na atujaalie elimu yenye manufaa. Wallahu a'lam.

Wabillahi tawfiq.